Taa Moja kati ya Nne

Kila asubuhi ya likizo, Anjelina alifagia uwanja, akachota maji kwenye tangi, kisha akapanda ngazi na kuanika paneli ya sola juu ya banda la kuku. Kazi hiyo ya mwisho aliipenda kuliko zote. Kitongoji chao huko Mnyambe kilikuwa hakijafikiwa na nguzo za umeme, na tangu aingie darasa la sita, baba yake, Vitalis, alikuwa amemkabidhi kila kitu cha kuchaji pale nyumbani: simu, tochi za kichwani, na pawabenki, ile betri ya akiba yenye taa nne ndogo za kijani. Taa zote nne zikiwaka, betri imejaa.

Mwezi huo wa Juni nguruwe pori walikuwa wakifukua mihogo ya wanakijiji katika mashamba ya bondeni, upande wa Mto Ruvuma. Kijiji kiliomba kibali ofisi ya wanyamapori, kikapewa. Vitalis, mwenye bunduki ya leseni, akachaguliwa kuongoza watu watano kwenda kuwasaka kwa siku nne.

"Kule hakuna umeme, na mtandao unapatikana juu ya kilima kimoja tu," Vitalis alimwambia binti yake. "Wenzangu wanaacha simu zao nyumbani, wanategemea hii yangu. Nijazie pawabenki, mwanangu. Una siku mbili."

"Sawa, Baba," alijibu Anjelina kwa furaha.

Siku ya kwanza jua lilikuwa kali, na hadi saa tisa taa zote nne zikawaka. Hapo ndipo alipofika rafiki yake Huruma na simu ya dada yake, yenye filamu mpya. Simu ilikuwa karibu kuzima.

"Tuichomeke kwenye pawabenki kidogo tu," Huruma alisema. "Kesho jua litajaza tena."

Filamu ilikuwa tamu. Ilipokwisha wakaangalia ya pili, simu ikinyonya betri muda wote. Kesho yake ukungu ulifunika kijiji tangu asubuhi, na jua halikuonekana kabisa. Jioni Anjelina alibonyeza kitufe cha pawabenki. Iliwaka taa moja.

Baba yake alikuwa akifunga mizigo. "Imejaa?" aliuliza.

Anjelina aliona kwamba akisema ukweli, kazi ile angepewa mtu mwingine. "Imejaa, Baba."

Vitalis aliipokea, akaitia mkobani bila hata kuitazama.

Alfajiri wasakaji waliondoka, baba yake mdogo Filemoni akiwa mbele anapiga mluzi. Anjelina alijaribu kunywa chai, ikamshinda. Kila alipofumba macho aliuona mkono wa baba yake ukiitia betri mkobani. Mchana, akiwa anamenya mihogo na mama yake, machozi yalimdondoka.

"Umejikata?" mama yake aliuliza.

"Hapana, Mama. Nilimdanganya Baba." Akaeleza yote, filamu na taa moja.

Mama yake aliweka kisu chini. "Leo saa kumi na moja jioni atapanda kilimani kutupigia. Utamwambia mwenyewe."

"Mama, nisemee wewe, tafadhali!"

"Mimi sikusema imejaa. Aliyesema ni wewe."

Saa kumi na moja simu iliita. Mama yake alisalimia, kisha akamkabidhi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

"Baba, pawabenki haijajaa. Ina taa moja. Niliitumia kwa filamu, halafu nikakudanganya. Nisamehe."

Vitalis akasema polepole, "Usiku huu nilitaka tuwashe taa ya kambi kwa pawabenki hiyo. Ingekwisha kabla hakujakucha."

"Usiwashe, Baba. Washeni moto. Na ukishuka bondeni, zima simu kabisa. Mwalimu Agatha alitufundisha kwamba simu ikikosa mtandao huutafuta muda wote, na huko kutafuta kunakula chaji. Uiwashe ukiwa kilimani tu. Na punguza mwanga wa kioo."

"Sikujua hilo la kutafuta mtandao," Vitalis alisema. "Nitafanya hivyo. Ukweli nimeupokea. Mengine tutaongea nikirudi."

Siku ya pili alipiga kwa muda mfupi sana. "Wazima wote. Tumepata nguruwe wawili. Nazima."

Siku ya tatu simu iliita saa nne asubuhi. Haikuwa saa yake. Anjelina aliipokea upesi.

"Mwanangu, sikiliza vizuri," Vitalis alisema akihema. "Nguruwe amemchana Filemoni paja. Tumemfunga, damu imepungua, lakini hawezi kutembea. Wenzangu wanamleta kwa machela. Gari lije mpaka mwisho wa mikorosho ya Mzee Salmini. Pawabenki imekwisha, na simu ina asilimia tatu. Rudia nilivyosema."

"Baba Mdogo ameumia paja. Gari lije mwisho wa mikorosho ya Mzee Salmini."

"Hapo hapo." Simu ikakatika.

Mama yake alikimbilia zahanati kumwita muuguzi. Anjelina alikimbia mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji, mwenye gari dogo la kubebea mizigo, akaurudia ujumbe bila kuacha neno. Gari liliondoka mara moja. Lilipofika kwenye mikorosho ile, machela nayo ilikuwa inatokeza kutoka bondeni, watu wanne wakiibeba kwa zamu. Kabla ya jioni Filemoni alikuwa hospitali, ameshonwa na kuongezewa maji.

Jumamosi Anjelina alikwenda na baba yake kumtazama. Alimpelekea uji, lakini kabla ya kumpa alisimama kando ya kitanda, akainamisha kichwa.

"Baba Mdogo, betri ile haikujaa kwa sababu yangu. Nilidanganya."

Filemoni alimtazama Vitalis, kisha akamtazama yeye. "Kumbe ndiyo maana kaka alitunyima taa ya kambi! Tulimlalamikia usiku kucha." Akacheka, akashika paja kwa maumivu. "Mguu wangu umechanwa na nguruwe, si na wewe. Lete huo uji."

Vitalis alimketisha binti yake kwenye benchi. "Kumaliza chaji ni kosa, lakini betri hujazwa tena," alisema. "Lile neno lako 'imejaa' ndilo lililokuwa la hatari. Nililibeba mpaka bondeni, na watu sita tukaliegemea. Mtu akikuuliza jambo, ujue kuna kitu anakwenda kufanya kwa jibu lako. Mwambie lilivyo, hata kama litakuaibisha. Ukiwa umeshakosea, rudi usahihishe upesi, kama ulivyofanya. Ukweli wako ulichelewa siku moja, Anjelina, lakini ulifika kabla ya nguruwe."