Picha Iliyosafishwa Mno

Asubuhi nyumbani kwetu huanza kwa kelele za cherehani. Mama ni fundi wa nguo, na wateja wake wote wanataka nguo zao leo leo. Mimi huchota maji, hufagia ukumbi, humwamsha mdogo wangu ambaye huamka amenuna, kisha hupiga pasi sare yangu juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mama hunikagua mlangoni, hunirekebisha kola na kuniambia, "Haya, nenda. Usigombane na mtu." Kila siku namwahidi. Kila siku watu wa darasa langu wananivunjia ahadi.

Kabla hata sijakaa kwenye dawati, Papai huwa ameshaanza. Papai ni jina tulilompa kwa ajili ya ngozi yake ya manjano, naye analivaa kama nishani. Mimi aliniita Masizi. "Masizi huyo kaingia! Shikeni madaftari yenu, atayachafua!" Darasa zima hucheka mpaka mbavu hawana. Mtasema ni utani wa watoto. Utani gani huo ambao kila siku kuna mtu mmoja tu asiyecheka?

Mji wetu una watu wa kila rangi. Kuna ambao mababu zao walikuja kufanya biashara, kuna ambao wazee wao walikuwepo tangu mwanzo, na kuna waliochanganyika. Hakuna aliyewahi kutangaza nani yuko juu na nani yuko chini, lakini sote tunajua. Mgeni akija shuleni, wa kumkabidhi shada la maua huwa ni mweupe. Wa kubeba viti vya wageni huwa ni sisi. Mwalimu hasemi, "Weusi, bebeni viti." Anasema, "Wewe na wewe na wewe," na vidole vyake haviendi kwingine.

Basi mwaka huo tulikuwa tunajiandaa na mtihani wa mwisho, na kila mwanafunzi alitakiwa awe na kadi yenye picha. Mama alinipeleka studio ambayo shule ilikuwa imekubaliana nayo. Nilikaa kwenye kigoda, nikakaza shingo, nikapigwa. Tulipokuwa tunatoka Mama alimwambia mpiga picha, "Fundi, isafishe vizuri, ni ya mtihani hiyo." Kwa Mama, kama kwa watu wazima wote, kusafisha picha ni kuitoa kwenye karatasi, basi.

Picha zililetwa darasani na mwalimu wa zamu. Alizigawa, kisha akasoma tangazo: kadi zote zingepelekwa kukaguliwa Ijumaa, na yeyote ambaye picha yake haifanani na uso wake asingeruhusiwa kuingia chumba cha mtihani. Mimi nilikuwa nimeshaishika yangu. Nilidhani nimepewa ya mtu mwingine. Sare ilikuwa yangu, kola ilikuwa ile aliyoinyoosha Mama, lakini juu ya kola kulikuwa na uso mweupe pe, kama mtu aliyetumbukiza kichwa kwenye gunia la unga.

Papai alichungulia begani kwangu. "Lo! Jamani njooni! Masizi kaoga leo!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jana nilichekwa kwa kuwa mweusi, leo nachekwa kwa kuwa mweupe. Sasa walitaka niwe rangi gani, kijani?

Jioni ile Mama aliiangalia picha mara moja tu, akazima cherehani. Alipozima cherehani huku nguo za wateja bado zinangoja, nilijua mtu ataipata. Tulimkuta mpiga picha anafuta kioo cha kamera.

"Huyu ni nani?" Mama alimuuliza, akiitupa picha kwenye kaunta.

"Si binti yako huyo."

"Mwangalie binti yangu. Haya, angalia hiyo karatasi. Huyu ni nani?"

"Mama, mbona unanijia juu? Wewe mwenyewe ulisema niisafishe vizuri. Nami nimeisafisha vizuri."

Mama aliipiga kaunta kofi. "Ala! Nilisema usafishe picha! Kuna mahali nilikuambia mwanangu ana uchafu?"

"Sijasema ni mchafu. Lakini tuambiane ukweli, mama. Mtoto ni mweusi tititi. Ningemwacha hivyo yangeonekana macho na meno tu. Weusi wote huwa nawasafisha. Ni huduma yangu tu, wala silipishi."

"Na weupe?"

"Weupe wana nini cha kusafishwa?"

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Hicho ndicho kilichonichemsha damu kuliko kicheko cha Papai. Papai alikuwa anatukana na alijua anatukana. Huyu alikuwa anaeleza kazi yake tu, kama Mama anavyoeleza upindo wa suruali. Mama alimtaka apige nyingine. Akasema ana foleni, halafu akatuonyesha mlango. Maneno aliyopewa na Mama pale mlangoni siwezi kuyaandika kwenye kitabu cha shule.

Kesho yake sikungoja hata Papai amalize sentensi. Alipofungua mdomo tu, "Jamani, Sabuni kaja," nilimkaba shati. Tulikuwa tumeshaangusha dawati moja wakati Mwalimu wa Maarifa ya Jamii alipoingia. Mwalimu yule ni mwanamke mfupi mwenye sauti isiyohitaji kupanda.

"Achianeni. Mnagombania nini?"

Nilimpa picha, nikamweleza jinsi Mama alivyoacha cherehani yake tukaenda kufukuzwa studio. Aliitazama, akanitazama, akaigeuza kuona muhuri wa studio. Kisha akasema, "Kila mtu atoe picha yake. Iweke kando ya shavu lako, jirani yako aitazame. Ambaye picha yake imebadilishwa rangi, asimame ukuta wa dirishani. Ambaye imeachwa kama alivyo, asimame ukuta wa mlangoni. Bila kelele."

Tulipangana. Vicheko vilianza, vikapungua, vikakatika kabisa. Dirishani tulisimama weusi watupu. Mlangoni walisimama weupe na wale wa maji ya kunde. Mwalimu hakuwa ametaja rangi ya mtu yeyote, ila darasa lilikuwa limekatika vipande viwili na kila mtu aliona.

"Mwalimu, mimi nimekosa nini?" Papai aliuliza kwa ukali kutoka mlangoni. "Mimi sikumpaka mtu rangi!"

"Hukumpaka. Picha yako itapita Ijumaa?"

"Itapita."

"Uliihangaikia?"

"Hapana. Iko sawa tu."

"Mwenzako mama yake ameacha kazi, wamefukuzwa studio, na bado hajui kama atafanya mtihani. Wewe hukufanya ubaya wowote, na bado mlango wako uko wazi na wake umefungwa. Hilo ndilo nataka mlitazame."

Papai alisonya, lakini kwa ndani.

Hapo msichana tunayemwita Kimya, ambaye ni mweusi kunishinda, aliibana picha yake kifuani. "Mimi naipenda yangu hivi hivi," alisema. "Nimetoka mzuri."

Nilitaka kumrukia na yeye. Mwalimu alinizuia kwa jicho. "Nani alikufundisha kwamba hivyo ndivyo uzuri?" alimuuliza taratibu.

"Hakuna aliyenifundisha."

"Ni kweli. Hakuna mtu mmoja. Ni mabango ya barabarani, ni dukani, ni nyumbani, ni sisi walimu tunapochagua wa kushika maua. Ndiyo maana ni vigumu kumshika mwizi." Kimya aliinamisha kichwa, na machozi yakamdondoka juu ya picha.

Mwalimu akatuchukua sisi watatu, mimi, Kimya na Papai, mpaka ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Papai alikwenda akiburuta miguu.

Mwalimu Mkuu ni mtu mweusi, mrefu, na hapendi kusumbuliwa. Alisikiliza huku akigonga meza kwa kalamu. "Mwalimu," alisema mwishowe, "unaniletea mambo ya rangi shuleni kwangu? Hapa hakuna ubaguzi. Ukianza kuwapanga watoto kwa rangi, wewe ndiye unayebagua. Picha ni picha. Tena mtoto ametoka vizuri."

"Sikuwapanga mimi," Mwalimu alijibu. "Niliwauliza swali, wakajikuta wamepangwa."

"Nimesema yamekwisha! Rudini darasani!"

Akilini nilimwona Mama akizima cherehani, nikaona mwaka mzima wa kusoma ukimwagika. Na hapo ndipo Papai, ambaye hana breki mdomoni, akatoa macho akiangalia ukuta nyuma ya meza. Pale ilining'inia picha kubwa ya Mwalimu Mkuu, ndani ya fremu, ina muhuri wa studio ile ile. Mtu wa kwenye fremu alikuwa wa maji ya kunde.

"He!" Papai alisema. "Mwalimu Mkuu, kumbe na wewe amekusafisha!"

Mtume! Nilidhani fimbo zitatembea. Mwalimu Mkuu aligeuka polepole. Aliitazama picha yake kwa muda mrefu, kisha akautazama mkono wake mwenyewe ulioshika kalamu. "Aliniambia ni mwanga tu," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Sijui ujasiri niliutoa wapi. "Mwalimu Mkuu," nilisema, "siku ya mtihani msimamizi akinionyesha hii picha akaniuliza huyu ni nani, nimjibuje?"

Alichukua simu. "Njoo na kamera yako na taa zako," alimwambia mpiga picha. "Leo. Sitaki kusikia habari za foleni. Na ukimgusa mtoto yeyote rangi yake, shule hii hutaiona tena."

Alikuja amevimba, ananung'unika kwamba sasa watoto wanamfundisha kazi. Mwalimu wa Maarifa ya Jamii alisimama kando yake muda wote. Nilikaa, akapiga, akatuonyesha kioo cha nyuma ya kamera: nilionekana kivuli kitupu. "Mnaona?" alisema kwa ushindi. "Sogeza taa," Mwalimu alimwambia. "Hapo umeiweka kwa ajili ya watu gani?" Akaisogeza kwa hasira, akaigeuza, akapiga tena. Nikatokea. Macho yangu, mashavu yangu, weusi wangu wote. Alikitazama kioo, akakohoa, hakuomba radhi. Kimya alikaa baada yangu, akiwa bado anapangusa machozi.

Alasiri Mwalimu aliturudisha kwenye viti vyetu. Mvulana mmoja aliuliza kama mpiga picha ni mtu mbaya.

"Roho yake siijui," Mwalimu alisema. "Na sihitaji kuijua ili nione alichokifanya. Ubaguzi wa rangi hauji na matusi kila siku. Mara nyingi unakuja unatabasamu, unaitwa huduma, unaitwa kawaida yetu. Mngemtukana yule bwana mpaka jua lizame, taa ingebaki palepale. Kwa hiyo jifunzeni kuuliza: kawaida hii iliwekwa kwa ajili ya nani? Nani inampitisha, nani inamzuia? Mkishaona, isogezeni. Na wewe Papai, kusema 'mimi sikufanya kitu' si jibu. Leo ulisema ulichokiona, na hicho ni kitu. Ila matusi ya asubuhi yanakoma leo, au utanieleza mimi."

Papai alinuna wiki nzima. Hatujawa marafiki, na sina haraka. Mwalimu Mkuu naye alitoa agizo kwamba viti vya wageni vibebwe kwa zamu na darasa zima, na mara ya kwanza Papai alipobeba viwili kwa mpigo nilimwangalia mpaka akafika navyo ukumbini.

Siku ya mtihani msimamizi alisimama mlangoni, mtu mkali asiye na salamu. Kimya alikuwa mbele yangu. Msimamizi aliichukua kadi yake, akaitazama, akamtazama usoni.

"Huyu ni nani?"

Kimya aliinua kichwa. Tangu tuanze shule sikuwahi kumsikia akisema kitu kwa sauti kubwa kiasi kile.

"Ni mimi," alisema, na msimamizi akasogea pembeni tukapita.