Pikipiki Iliyovuta Kushoto

Pikipiki niliyoinunua ilikuwa inavuta kushoto. Kila siku, tukifika kwenye daraja dogo lililo mbele ya kiwanda cha matofali, usukani uligeuka wenyewe kuelekea mtaroni. Mimi nimeushika kwa mikono miwili, nao unageuka. Siku ya kumi na tisa ulinishinda.

Ninauza mayai. Mke wangu anafuga kuku nyuma ya nyumba, mimi ninapeleka mayai sokoni. Zamani nilitumia baiskeli, trei nne kwa safari. Tuliweka akiba miaka miwili ili tununue pikipiki. Nibebe trei kumi, na mke wangu akae nyuma yangu, tufike sokoni pamoja.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ni fundi wa pikipiki. Gereji yake iko hatua mia mbili kutoka kwetu. Mtu mwenye akili angekwenda naye kununua. Mimi sikwenda naye. Mimi ni mfupi. Mtaani wananiita Kipande, na shemeji ndiye aliyelianzisha jina hilo. Nilijua atasema, "Kipande, chukua ile ndogo." Mimi nilitaka kubwa.

Nikasikia kuna nyumba inauza pikipiki kwa bei ya chini. Nilikwenda peke yangu, saa sita mchana. Jua lilikuwa kali, lakini madirisha yote ya nyumba ile yalikuwa yamefungwa. Pikipiki ilisimama uani, kando ya baraza. Nyeusi, rangi mpya, inang'aa. Niligusa injini nikaungua kidole.

"Umerudi nayo sasa hivi?" nilimuuliza muuzaji.

"Hapana. Mimi siipandi."

"Mbona ni ya moto?"

"Niliiwasha kidogo kabla hujaja."

Alisimama mbali nayo, mikono nyuma. Mlangoni palikuwa na buti mbili kubwa sana. Zilipangwa vizuri, ncha zikitazama nje, kama zinasubiri miguu.

"Hizi ni za nani?"

"Za mdogo wangu. Ndiye mwenye pikipiki."

"Basi niitie niongee naye."

"Haihitaji tena," alisema muuzaji. "Unachukua au huchukui?"

Nilipanda. Mguu wangu wa kushoto ulikanyaga baraza vizuri kabisa. Sikufikiri kwamba barabarani hakuna baraza. Nilizunguka uani mara moja. Kadi ya pikipiki ilikuwa na jina la huyo mdogo mtu. Muuzaji alisema jina tutabadilisha baadaye. Nikalipa.

Nilipofika getini niligeuka kuaga. Muuzaji alikuwa ameinama, anaziingiza zile buti ndani.

Nyumbani mke wangu aliizunguka mara mbili.

"Ni kubwa," alisema.

"Kubwa ndiyo nzuri."

"Sawa. Miguu yako iko wapi?"

Nilikuwa nimesimama kwa ncha za vidole, kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani.

Jambo la kwanza lilikuwa vioo vya pembeni. Asubuhi nilivirekebisha hadi nikaiona barabara nyuma yangu. Tulipofika sokoni vilikuwa vinaonyesha mawingu. Nikavirudisha. Tulipofika nyumbani, mawingu tena.

"Mtu mrefu ndiye anayeweza kuona kitu humo," alisema mke wangu. "Kila siku anavirudisha anavyotaka yeye."

"Nani?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyekwenda kwao."

Jambo la pili, haikukubali kusimama. Niliiegesha jioni kwa stendi yake, asubuhi nikaikuta imelala chini. Kila asubuhi, upande wa kushoto. Upepo hakuna, mbwa hatuna, geti limefungwa kwa ndani.

Jambo la tatu aliliona mke wangu. Tulikuwa tunarudi kutoka sokoni, trei tupu, barabara tupu.

"Baba watoto," aliniita. "Hapa tuko wangapi?"

"Wawili. Kwani umepoteza hesabu?"

"Kuna uzito nyuma yangu. Unaegemea kushoto, na mimi unanipeleka huko huko."

"Ni trei."

"Trei tupu hazinisukumi hivi."

Nilicheka, lakini sikugeuka. Nilitazama kioo. Mawingu.

Jirani yetu kinyozi aliisikia habari hiyo. Alikuja akasimama mlangoni, hakuisogelea. "Hiyo ina mtu," alisema. "Iuze haraka. Na mnunuzi usimwambie kitu."

Ningemsikiliza, ningekuwa sina tofauti na aliyeniuzia. Lakini sitajisifu. Sikuiuza kwa sababu niliona aibu. Shemeji angejua.

Siku ya kumi na tisa tulitoka alfajiri na trei kumi. Kwenye daraja usukani ukageuka kushoto. Niliukaza, nikafunga breki, injini ikazima. Nikashusha mguu wa kushoto ili niizuie. Mguu ulishuka, ukashuka, haukuikuta ardhi. Tukaenda wote upande ule, na mke wangu alikuwa chini.

Halafu pakawa kimya. Injini imezima, lakini gurudumu la mbele lilikuwa bado linazunguka, polepole, tik, tik, tik. Yai moja lilibingirika hadi katikati ya daraja likasimama, zima. Mke wangu aliniita kwa sauti ya chini kabisa. Alisema hausikii mkono wake.

Mfyatua matofali alikuja mbio kutoka kiwandani. Alipoiona pikipiki alisimama.

"Tena?" alisema.

"Tena nini?"

"Hii si ilikuwa nyekundu? Nimeijua kwa hiki chuma cha kubebea mizigo, nilikichomoa mimi mwenyewe kwenye tope. Ilianguka hapa hapa, miezi mitano iliyopita. Yule bwana mrefu hakuinuka."

Tulikuwa tumevaa kofia ngumu, wote wawili. Ni jambo moja tu tulilofanya vizuri. Ya mke wangu ilipasuka, kichwa chake hakikupasuka. Bega lilivunjika mahali pawili.

Shemeji alikuja hospitali na mafuta ya gereji mikononi. Alimtazama dada yake, kisha akanitoa nje.

"Ungeniita," alisema.

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Ningekucheka mwezi mzima. Na dada yangu angekuwa na bega zima."

Nilirudi ndani nikakaa kando ya kitanda cha mke wangu.

Kesho yake aliivuta pikipiki hadi gereji. Aliisimamisha wima, usukani umenyooka, akachukua kamba nyembamba. Aliikaza kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Chuchumaa, Kipande. Tazama. Magurudumu haya yanatakiwa kufuatana kama mtu na kivuli chake. Unaona nini?"

Niliona gurudumu la mbele limekaa pembeni, upana wa vidole viwili, upande wa kushoto.

Alikwangua rangi chini ya tangi. Ile nyeusi ilitoka, ikaja nyekundu. Chini ya nyekundu ulitoka unga mweupe wa kuzibia nyufa, na chini ya unga chuma kilichochomelewa ovyo.

"Huu ndio mgongo wa pikipiki," alisema. "Huitwa fremu. Ulivunjika, wakauunga, wakapaka rangi. Mgongo ukipinda, pikipiki inavuta upande mmoja. Pale darajani barabara yenyewe imelalia kushoto, ndiyo maana ilikuzidi nguvu pale."

"Na vioo?"

"Nati zimelegea. Upepo unavisukuma nyuma vikatazama juu."

"Kulala chini kila asubuhi?"

"Stendi imepinda. Ardhi ya uani kwako ni laini. Inazama kidogo kidogo."

"Dada yako alihisi mtu nyuma yake."

Shemeji alikalia kiti cha nyuma. Kiti kililala kushoto. "Springi ya upande huu imekufa. Kila anayekaa hapa atasukumwa."

"Kwa hiyo hakuna mtu."

"Mtu alikuwepo. Amekufa. Lakini hakukusukuma yeye, umesukumwa na chuma. Na hata chuma kingekuwa kizima, pikipiki hii si yako. Mtu asiyefika chini kwa miguu yote miwili hana breki ya mwisho."

Nikamuuliza lililonikaa rohoni. "Yeye alikuwa mrefu. Na alipoanguka, pikipiki ilikuwa bado nzima. Yeye alivutwa na nini?"

Shemeji alizungusha kamba kwenye vidole vyake hadi ikaisha.

"Hilo, kamba hainionyeshi," alisema.

Tulirudi kwa muuzaji pamoja. Safari hii alitufungulia mlango. Ndani alikaa mama mzee, ameupa mlango mgongo. Hakugeuka.

"Mama hakuweza kuvumilia kuiona," muuzaji alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka itoke tu."

"Ungesema ilivunjika," alisema shemeji. "Na kadi ina jina la marehemu. Mali ya marehemu haiuzwi hivi. Ndugu wanakwenda kwanza kwenye ofisi husika, inaandikwa jina la mrithi, ndipo inauzwa. Huyu angesimamishwa barabarani angeitwa mwizi."

Muuzaji alilia bila sauti. Alirudisha nusu ya pesa. Nyingine ilikuwa imeishia kwenye madeni ya mazishi. Tuliandikishana mbele ya mashahidi kwamba pikipiki haitarudi barabarani. Huko gereji, shemeji aliikata fremu vipande vitatu.

"Isipate mtu wa tatu," alisema.

Miezi minne baadaye tulitafuta nyingine. Shemeji alikataa kunichagulia. "Wewe ndiye utakayeipanda. Mimi nitatazama vyuma tu."

Ya kwanza niliikataa mimi, miguu haikufika. Ya pili tuliikuta ya moto. Shemeji alisema injini ya moto inaficha ugonjwa, maana pikipiki mbovu hujulikana inapowashwa baridi. Ya tatu namba ya kwenye fremu haikufanana na ya kwenye kadi. Tuliondoka bila kuuliza zaidi.

Ya nne ilikuwa ya mwalimu aliyehamishwa kazi. Ndogo, ya kijivu, kiti kimeshonwa.

"Sura yake mbaya," nilisema.

"Na wewe je?" alisema mke wangu.

Mwalimu tulikuwa tumemwomba asiiwashe. Iliwaka baridi, kwa teke la pili. Niliipeleka mahali tambarare, mbali na ukingo wowote. Miguu yote miwili ilikanyaga chini, visigino pia. Niliizima nikaisukuma mwenyewe kwenda na kurudi, nikailaza kidogo na kuiinua. Niliweza. Shemeji alikaza kamba, akachuchumaa muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali. Tulifunga kifurushi cha uzito wa trei kumi, mke wangu akapanda, tukazunguka mtaa kwa nusu saa, tukipanda na kushuka kilima. Kuijaribu tupu wakati utabeba mzigo ni kujidanganya. Kadi ilikuwa na jina la mwalimu, na kitambulisho chake kilikuwa na jina hilo hilo. Siku ile ile tulikwenda ofisini, jina likawa langu. Ndipo nikalipa.

Asubuhi ya kwanza tulifika kwenye daraja. Nilipunguza mwendo. Usukani ulitaka kwenda kushoto kidogo, kwa sababu barabara pale imelalia upande huo. Niliurudisha kwa mkono mmoja, ukarudi. Mfyatua matofali aliacha kazi akatutazama hadi tukapita. Mke wangu alikuwa amenishika shati kwa nguvu, na sikumuuliza tulikuwa wangapi. Nilimsikia anahesabu mwenyewe, taratibu.

Sasa tunapeleka trei kumi kila siku, na hatujavunja hata yai moja. Watu mtaani wanaotaka kununua pikipiki wanakuja kwangu kwanza, nami ninawapeleka gereji. Wanaponiuliza kosa lile lilinigharimu nini, ninawaambia hivi.

Nusu ya akiba ya miaka miwili. Mayai mia mbili tisini na tisa. Kuku kumi na mmoja waliouzwa kulipa hospitali. Miezi minne ya kurudi kwenye baiskeli. Na mkono wa kushoto wa mke wangu, ambao unafika usawa wa bega na hauendi juu zaidi. Kamba ya kuanikia nguo nimeishusha hadi kifuani kwake.