Tangazo la Mafuta Msibani

Pale Iguguno, honi ndefu ya basi ikilia, huulizi nani anakuja. Unakimbia. Damari alianza kukimbia akiwa darasa la tatu, na sasa alikuwa la saba, wala hakuna aliyempita. Kila siku akitoka shule alivua sare, akala haraka haraka, akabeba beseni lenye chupa za mafuta ya alizeti na kushika njia ya barabarani. Basi la Mwanza likisimama, yeye yuko dirishani kabla mlango haujafunguliwa.

"Mafuta, mafuta! Mafuta safi ya Singida! Mama mdogo, chukua! Kaka, mpelekee shemeji!"

Barabara ilikuwa imemfundisha mambo yake. Kimbilia basi lenye vichwa vingi. Paza sauti kuliko mwenzako. Usingoje kuulizwa, kwa sababu ukingoja, konda amekwisha kupiga bodi na basi limeondoka. Na abiria akiuliza swali refu, wewe tangaza tu. Ama atanunua, ama ataondoka na swali lake.

Mafuta yenyewe yalikuwa ya mama yake, Felista, ambaye watu walimwita Mama Chrispin kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Yeye na wanawake wenzake walikuwa na mashine ndogo ya kukamua alizeti nyuma ya nyumba. Mwaka huo alizeti ilikubali kweli kweli. Ilikubali kwao, ikakubali kwa majirani, ikakubali hadi kwa wavivu! Kila nyumba ikawa na mafuta, na mapipa ya akina Mama Chrispin yakajaa bila mnunuzi.

"Hizi chupa za dirishani hazitoshi," mama alisema jioni moja, akifuta mikono kwa kanga kuukuu. "Tusipopata mteja wa kudumu, mashine tunaifunga. Tutauza mbegu kwa wenye malori, wakakamulie huko kwao."

Damari alishtuka. Mashine ile ndiyo iliyomsomesha kaka yake mpaka akaingia chuo mjini Singida, na ndiyo iliyokuwa ikimngoja yeye aende sekondari. Usiku huo usingizi ulikuja kwa shida.

Chrispin alipokuja likizo, aliifungulia biashara ile ukurasa kwenye simu ya mama, katika mtandao wa watu wa kazi. Huko walikuwamo walimu, wahandisi, wahasibu, wenye hoteli na wanunuzi wa taasisi. Kila mtu alieleza anafanya kazi gani, na wenye shida moja walitafutana.

"Damari atakusomea, Mama, maana herufi ni ndogo," alisema. "Lakini wewe mdogo wangu, usiandike kitu mama asichokijua. Umenisikia?"

"Nimesikia, Kaka."

Alisikia, lakini masikio nayo yana mlango wa kutokea. Wiki ya kwanza hakuna mtu aliyeandika chochote. Damari akamweleza Paschal, jirani yake aliyesoma naye darasa moja na aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha barabarani.

"Unangoja nini?" Paschal alicheka. "Biashara matangazo! Weka picha ya nguvu. Picha ya mafuta yenu yaliyo kwenye pipa la buluu nani ataitazama?"

Wakatafuta picha. Wakaipata ya kiwanda cha mbali, watu wamevaa makoti meupe, chupa zimepangwa zinang'aa kama dhahabu. Damari akaiweka. Pale palipoandikwa "Mkamuaji wa alizeti, Iguguno" akafuta, akaandika "Mkurugenzi Mkuu." Kisha akatunga tangazo la kelele, akalituma kwa kila jina aliloliona: kwa daktari wa meno, kwa mpima ardhi, kwa mwalimu wa kaka yake. Wengine aliwatumia mara mbili, asubuhi na jioni. Mama hakuambiwa. Damari alijiambia kwamba atamshtukiza kwa furaha mnunuzi akipatikana.

Na kweli, akapatikana. Mama mmoja aitwaye Agnes, mnunuzi wa vyakula vya chuo kimoja mjini, aliandika kwa utulivu: "Habari, Mama Felista. Tunatafuta mafuta ya alizeti ya jiko letu. Je, mnayachuja vipi?"

Damari alimsomea mama. Mama Chrispin alipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika.

"Mwandikie tunachuja kwa kitambaa, halafu tunayaacha yatulie kwenye pipa. Mwambie bado huwa kuna utope kidogo chini. Mwambie ukweli, ajue."

Damari aliinamia simu. Utope? Nani anauza mafuta kwa kutaja utope? Vidole vyake vikafanya kile mdomo wake ulichozoea kufanya barabarani. Badala ya jibu, akabandika tangazo lilelile: MAFUTA SAFI NAMBA MOJA, KIWANDA KIKUBWA, WAHI SASA!

"Umemjibu?" mama aliuliza.

"Nimemjibu, Mama."

Bi Agnes akanyamaza. Mama Chrispin alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake kwamba mteja amepatikana, na kila jioni aliuliza, "Yule mama wa chuo ameandika?" Damari alizidi kubanwa. Ndipo alipofungua ukurasa wa Bi Agnes, akaona picha ya mwanamume anayetabasamu, amevaa kofia ya mpishi. Chini yake watu walikuwa wameandika kwa wingi ajabu. Loo! Hili ndilo basi lenye vichwa vingi. Hakusoma hata mstari mmoja. Akabandika tangazo lake chini ya ile picha, akaongeza "Karibuni nyote!" na kukimbia barabarani, maana honi ilikuwa imelia.

Jibu alilikuta baadaye, amekaa juu ya gunia la mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa.

"Mama Felista, nilikuuliza swali ukanijibu kwa tangazo. Nikavumilia. Lakini huyu ni Fredrick, mpishi wetu mkuu, tuliyemzika juzi. Watu wanatoa pole hapa. Wewe umekuja kuuza mafuta msibani. Tafadhali usiniandikie tena."

Damari akarudi kwenye ile picha, akasoma sasa. Pole sana. Pumzika kwa amani, kaka. Tutakukumbuka. Na katikati ya maneno hayo, kwa herufi kubwa, kwa jina la mama yake: WAHI SASA! Aliona aibu mpaka machozi yakamtoka. Akalifuta tangazo lile, lakini waliolisoma walikuwa wamekwisha kulisoma.

Wazo la kwanza lilikuwa kufuta na ujumbe wa Bi Agnes. Nani angejua? Mama angengoja, kisha angechoka kungoja. Damari aliishika simu hivyo, kidole juu, mpaka aliposikia mama akizungumza na wenzake uani. "Mwenye lori anakuja Jumatatu," mama alikuwa akisema. "Lakini tumngojee yule mama wa chuo. Mtu aliyeuliza vizuri namna ile hawezi kututupa."

Damari akanyanyuka. Akatoka uani na simu mkononi.

"Mama, si yeye aliyetutupa. Ni mimi."

Akasema yote: picha ya kiwanda, Mkurugenzi Mkuu, matangazo ya asubuhi na jioni, swali lililojibiwa kwa kelele, na msiba. Mama Chrispin alikuwa na desturi moja. Akikasirika sana, Kiswahili humwishia, naye huhamia Kinyiramba. Siku hiyo alihamia kwa muda mrefu.

"Nitamwandikia kumwomba radhi," Damari alisema kwa kwikwi.

"Umwandikie?" Mama alimtazama. "Mtu umemkosea msibani, unamwomba radhi kwa kidole? Hapana. Msiba huendewa. Kesho Jumamosi tunakwenda."

Asubuhi mama alifunga unga kwenye mfuko na kumkamata jogoo mmoja. Damari, akitaka kusaidia, akaleta dumu la mafuta.

"Rudisha," mama alisema. "Tukienda na mafuta, tutakuwa tumekwenda kuuza tena."

Nyumbani kwa Bi Agnes walielekezwa na mlinzi wa chuo. Walimkuta ameketi barazani, mwanamke mtulivu, kichwa amekifunga kitambaa cheusi. Mama Chrispin hakujitambulisha kwanza kwa biashara. Alitoa pole, akaketi, akanyamaza kidogo kama wanavyonyamaza watu msibani. Kisha akasema, "Dada, mimi ndiye Felista wa Iguguno. Yule wa mafuta. Tumekuja kukupa pole ambayo tungekupa tangu mwanzo, na mwanangu ana neno."

Uso wa Bi Agnes ulibadilika. Damari alipiga goti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Ni mimi niliyeandika. Mama hakujua. Niliona watu wengi nikadhani… barabarani kwetu, tunakimbilia basi lenye watu wengi. Sikusoma. Naomba unisamehe. Na ile picha siyo yetu. Sisi hatuna kiwanda. Tuna mashine moja tu, nyuma ya nyumba."

Jogoo alilia miguuni pa mama.

"Fredrick angecheka," Bi Agnes alisema hatimaye, na macho yake yakalowa. "Alikuwa mtu wa kucheka. Angesema, 'Hata mimi nikifa, mafuta ya kukaangia yatafutwe.'" Alijifuta. "Nimekusamehe, binti. Lakini swali langu bado hujalijibu. Mnachuja vipi?"

Damari alimtazama mama yake. Mama akageuza uso pembeni; hakumsaidia.

"Kwa kitambaa, Mama. Halafu tunayaacha yatulie. Hayang'ai kama yale ya kwenye picha. Na chini ya dumu huwa kuna utope mweusi kidogo. Ukimimina hadi mwisho, utauona."

"Ee," Bi Agnes alisema. "Hilo ndilo nililotaka kujua. Kila mkamuaji mdogo ana utope. Wanaoniambia hawana, hao ndio ninaowakimbia."

Hakuahidi kitu. Alisema siku za msiba zikipita, huenda akafika Iguguno. Huenda.

Jumatatu mwenye lori alikuja. Mama Chrispin alimuuzia magunia machache tu, akamwambia mengine bado ana mpango nayo. Damari naye hakukaa bure. Aliiondoa picha ya kiwanda, akaweka ya mama yake akimimina mafuta kwenye pipa la buluu, kanga kuukuu kiunoni. Alifuta "Mkurugenzi Mkuu" na kurudisha "Mkamuaji wa alizeti, Iguguno," akaongeza kwamba chini ya mafuta huwa kuna utope kidogo. Kisha, mama akiwa pembeni yake, aliwaandikia kuwaomba radhi wale aliowasumbua, mmoja mmoja, kwa majina yao. Ilimchukua jioni nyingi. Wengi hawakujibu. Daktari wa meno alijibu kwamba amefurahi, ila hakuwa na haja ya mafuta.

"Sasa nani atanunua hapo?" Paschal alimcheka. "Umeandika mpaka utope!"

"Anayeutaka ukweli," Damari alisema, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na uhakika.

Mwezi ukapita. Siku moja gari dogo lilisimama mbele ya nyumba, akashuka Bi Agnes. Alitazama mashine, akanusa mafuta, akamimina kikombe kimoja kutoka chini kabisa ya dumu na kukiinamisha kwenye mwanga. Utope ulikuwapo. Kidogo, mweusi, palepale Damari aliposema.

"Vilevile ulivyoniambia," alisema. Akachukua madumu machache ya kujaribia. Baada ya siku kadhaa akapiga simu akaomba mengine, na muhula uliofuata jiko la chuo likawa halinunui kwingine. Mashine haikufungwa. Ilinguruma nyuma ya nyumba mpaka majirani wakalalamika, na Mama Chrispin alicheka na kuwapelekea mashudu ya nguruwe wao.

Jioni moja Damari alikuwa akikunja vitambaa vya kuchujia. Lilikuwapo jambo lililokuwa likimsumbua.

"Mama, watu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona sisi mafuta yetu ni mazuri, na tunayatembeza kila siku?"

Mama Chrispin aliweka ndoo chini, akafikiri.

"Kutembeza si kosa, mwanangu. Bila Chrispin kutufungulia ule mlango, yule mama asingetujua. Kosa ni namna ya kutembeza. Kule barabarani unapiga kelele, basi linaondoka, na aliyedanganywa anakwenda na hasira yake mpaka Mwanza. Humwoni tena. Ndiyo maana ukazoea vibaya, na mimi niliyekutuma sikukuonya. Lakini kwenye kazi za watu, hakuna basi linaloondoka. Uliyemkosea leo ndiye utakayemkuta kesho. Kwa hiyo kwanza msome mtu: yuko harusini au msibani? Akikuuliza, mjibu alichouliza. Na umwonyeshe pipa lako mwenyewe, siyo la jirani."

Honi ndefu ikalia barabarani. Damari alibeba beseni akakimbia kama kawaida, akafika wa kwanza kama kawaida. Dirishani alikuwapo bibi mmoja mwenye miwani.

"Mjukuu wangu, haya mafuta yametulia?"

Paschal alikuwa nyuma yake, akisikiliza. Konda alikuwa amekwisha kupiga bodi.

"Shikamoo, Bibi. Yametulia, ila chini kuna utope kidogo. Usimimine hadi mwisho."

Bibi alimtazama juu ya miwani. Basi likaanza kusogea taratibu. Kisha mkono ukatoka dirishani, ukafunguka.

"Nipe mbili," alisema. "Na uniambie jina lako, ili nikirudi nikuulizie."