Mama Hajambo, Ila Bado Hakutaki

"Huyu ni simba au paka?"

Mteja alikuwa amesimama mbele ya kioo, shati mkononi, kifua mbele kama mtu anayepimwa suti. Sindano akavua glavu zake polepole, moja baada ya nyingine, ili apate muda wa kutafuta jibu lisilo na matusi.

"Ni simba, kaka."

"Simba gani huyu, kama amenyimwa maziwa?"

"Kaka, nilikuomba usitikisike. Umepokea simu kwenye kiti, ukacheka mpaka nikaondoa mashine. Mdomo umepinda pale ulipocheka."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

Sindano alitaka kusema ndiyo.

"Kidonda kikikauka urudi. Nitamwongezea manyoya shingoni, na meno. Atatisha."

"Umtishe kweli. Mke wangu ana mdomo, atanicheka mpaka majirani wasikie."

Akavaa shati, akaondoka akinung'unika ngazi nzima.

Sindano ni jina alilopewa na wateja, likamganda. Alikuwa mgeni kwenye kazi ya tatuu. Zamani alichora kuta za saluni na vibao vya maduka, na ukuta, hata ukikosea, haukuulizi kitu. Ngozi ina mdomo. Kuna aliyeleta picha ya mbawa aliyoiona kwenye simu, mbawa za mgongo mpana kama mlango, na yeye mgongo wake kama ubao wa kukatia vitunguu. Kuna aliyezirai kabla sindano haijamgusa, akazinduka na kuuliza kama imekwisha. Bosi wake, mtu wa makamo aliyejaa michoro mpaka shingoni, alikuwa na neno moja tu la kumfariji.

"Ngozi ni ya mteja, lawama ni zako. Zoea."

Akaketi kwenye benchi, chumba kikinuka dawa ya kusafishia. Chini yao lilikuwa duka la betri za magari, na mtu alikuwa akigonga chuma kwa chuma tangu asubuhi. Simu ikatetema. Alikuwa Taratibu.

Taratibu alikuwa mpenzi wake, mhasibu katika kampuni ya bima. Jina hilo alimpa Sindano mwenyewe kwa mapenzi, siku zile ambazo lilimchekesha, maana hakuna jambo ambalo yule bwana hakulijibu kwa neno hilo. Kutambulishana kwa wazazi? Taratibu. Harusi? Taratibu, mpenzi. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu.

Asubuhi Sindano alikuwa amemwandikia: "Umeongea na mama?"

Jibu ndilo lililokuwa limeingia: "Nimeongea. Hajambo, ila bado hakutaki. Mama ni mtu wa zamani, hawezi kusikia kwamba mkwe wake anachora watu miili. Taratibu mpenzi. Nampika kwa moto mdogo."

Aliusoma ujumbe, akaufunga. Hakukasirika. Hasira nayo huchoka.

Wiki iliyofuata, Bosi akiwa ametoka, mlango ukasukumwa, ukagoma. Ukasukumwa tena. Ulikuwa umevimba kwa unyevu na wageni wote uliwatesa.

"Uinue kidogo, halafu usukume," Sindano alisema kwa sauti.

"Mlango naunyanyua kama mtoto?" sauti ya mwanamke ikajibu kutoka nje.

Sindano akaenda kumfungulia. Alikuwa mama wa makamo ya kuelekea uzeeni, mnene kidogo, mwenye jasho usoni. Siku hiyo joto lilikuwa la kuchemsha, lakini alivaa blauzi ya mikono mirefu, vifungo mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe unayechora watu?"

"Ni mimi na bosi wangu. Yeye ametoka."

"Afadhali. Sitaki mwanamume auone huu mkono."

Akafungua vifungo, akakunja blauzi mpaka begani. Toka kwenye kiwiko kwenda juu ngozi ilikuwa imejikunja na kung'aa, kama plastiki iliyokutana na moto.

"Maji ya moto," mama alisema, kama anayeelekeza njia ya dukani. "Mwanangu wa mwisho alikuwa anatambaa. Akavuta kitambaa cha meza, sufuria ikaja. Nikaweka mkono."

"Na mtoto?"

"Hakupata hata tone. Sasa ni mwanamume mzima, anaoa mwezi ujao. Tangu siku ile sijavaa mikono mifupi mbele za watu. Nataka siku ya harusi yake niivae. Nichoree kitu hapa juu, watu wakiangalia waangalie hicho."

"Nani alikuelekeza kwetu?"

"Niliona kadi yenu kwenye gari la mwanangu. Nikamuuliza, akasema alipewa tu barabarani. Nikaitia kwenye pochi. Hajui kama nimekuja, nataka nimshangaze."

Kadi zile Bosi alizimwaga mpaka kwenye vituo vya mafuta. Sindano hakuwaza lolote.

"Mama, nikwambie ukweli. Ngozi ya kovu ni kaidi, wino hauingii vizuri, na utaumia. Tena mimi ni mgeni kwenye kazi, kovu sijawahi. Ukitaka, msubiri bosi."

Mama akaulaza mkono kwenye meza.

"Nimezunguka kwa wawili kabla yako. Wote walisema ni kitu rahisi. Wewe ndiye wa kwanza kuogopa. Nichore wewe."

Wakakubaliana mmea wa boga. Lilikuwa wazo la mama mwenyewe. Alikuwa na bustani nyuma ya nyumba, na alipenda namna boga linavyotambaa bila kuomba ruhusa. Sindano akalipenda wazo hilo kwa sababu yake: kovu lilikuwa na vilima na mabonde, na mmea unaotambaa haudai mstari ulionyooka. Akaukunja mmea ule kulifuata kovu, jani hapa, ua pale.

Ilibidi aje mara kadhaa, mkono upumzike kila mara. Katika wateja wote, mama huyu ndiye pekee asiyelalamika. Alipoumia alihesabu majina ya wajukuu zake kwa sauti ya chini, akifika mwisho anaanza upya.

"Una mtu, mwanangu?" alimuuliza siku moja.

"Ninaye, mama."

"Anakutunza?"

"Ananisubirisha."

"Mh. Kusubirishwa nako ni kazi. Tena haina mapumziko."

Siku iliyotakiwa kuwa ya mwisho, yakiwa yamebaki maua mawili begani, mama akachukua simu kwa mkono uliokuwa huru, akafungua picha.

"Hebu niambie. Na gauni langu, la rangi kama hii aliyovaa huyu, maua haya ya njano yataendana? Huyu hapa ndiye mkwe wangu, binti wa meneja wa kazini kwao. Na huyu ndiye mwanangu."

Sindano akainamisha kichwa kutazama.

Taratibu alikuwa amekaa kwenye kochi, amevaa shati la bluu. Shati lile Sindano alimchagulia mwenyewe. Msichana mzuri, mwenye uso wa upole, alikuwa ameegemea bega lake.

Mashine ikaendelea kunguruma hewani. Akaizima.

"Ngoja nilete wino, mama."

Wino ulikuwepo tele mezani. Aliingia chumba cha nyuma, akasimama kando ya beseni, akaandika kwa kidole gumba kilichokuwa bado kwenye glavu, akakosea, akavua glavu, akaandika tena:

"Mama yako hajambo?"

Jibu halikuchelewa. "Hajambo mpenzi. Jana nimemgusia tena habari zako, akanifokea vibaya. Tumpe muda."

Sindano aliutazama ukuta. Alidhani atalia. Kilichokuja kilikuwa uchovu tu, ule wa mtu aliyebeba mzigo safari nzima halafu akaambiwa nyumba ni ile aliyoipita. Akanawa uso, akavaa glavu mpya, akarudi. Akashika mkono ule, akamaliza petali aliyokuwa ameianza, maana petali ile haikuwa na kosa.

"Mama."

"Naam."

"Mwanao angekuletea mke anayechora tatuu, ungesemaje?"

Mama akacheka mpaka ikabidi mashine iondolewe.

"Ningesema nini na mimi mkono huu? Ningechorwa bure."

Simu ya mama ikaita. Akaipokea, akaweka sauti ya juu, simu juu ya paja.

"Mama, uko wapi? Nimekuja nyumbani, sijakukuta." Ilikuwa sauti ileile iliyokuwa ikimwambia Sindano alale salama.

"Niko mahali. Ilikuwa iwe siri, ila nimeshakaribia kumaliza. Njoo unichukue. Ile kadi ya wachora tatuu iliyokuwa kwenye gari lako, ndipo nilipo."

Simu ikawa kimya.

"Mwanangu, upo?"

"Nani anakuchora?"

"Binti mmoja hivi. Ana mkono mwepesi."

"Usimwambie kitu. Nakuja."

Mama akaitazama simu, kisha akamtazama Sindano. "Nisikuambie kitu gani?"

Sindano akafuta wino uliozidi, akaendelea.

Haikupita muda mrefu. Mlango ukainuliwa kidogo, ukasukumwa, ukafunguka bila kelele. Taratibu akaingia akihema.

"Habari yako, fundi," akamwambia Sindano.

Neno lile lilimuuma kuliko ile picha. Miaka mitatu, na sasa alikuwa fundi.

"Nzuri. Karibu."

"Mama, twende. Mshonaji anakusubiri."

Mama hakuinuka.

"Mwanangu, mlango huu umenishinda kila nilipokuja. Wewe umeujulia wapi?"

"Mlango gani? Nimesukuma tu."

"Umeunyanyua kwanza."

Mama akamgeukia Sindano.

"Binti, unamjua huyu?"

Angeweza kudanganya. Angemtoa mama pale na furaha yake, na harusi ingeendelea. Lakini mkono ule ulikuwa mikononi mwake, na alijua uliungua kwa ajili ya nani.

"Namjua, mama. Ndiye anayenisubirisha. Mwaka wa tatu sasa. Aliniambia wewe ndiye hunitaki."

"Mimi?"

"Ndiyo, mama. Kwa sababu nachora watu miili."

"Mimi nimekukataa lini? Nimekujulia hapa."

"Mama, nitakueleza nyumbani," Taratibu akasema. "Taratibu."

"Nieleze hapa. Nimekaa."

Chini mtu aligonga chuma. Taratibu akashika ukingo wa meza.

"Mama, mimi nilimpenda. Lakini kazini watu wanauliza, mkeo anafanya nini. Ningejibu nini? Meneja akaniambia habari za binti yake, nikaona mambo yanakwenda vizuri. Nilitaka kumwambia huyu. Kila siku nilitaka."

"Ukamtanguliza mama yako ndiye atukanwe."

"Sikukutukana, mama."

"Na mkono huu wangu," mama akasema, akiuinua, wino na damu kidogo vikimeremeta, "watu wakiuliza umefanywa nini, utajibu nini?"

Taratibu akarudi nyuma hatua moja.

"Nenda ukamwambie yule binti mwenyewe. Usiponitangulia, nitamwambia mimi, na mimi sijui kusema taratibu."

Taratibu akamtazama Sindano kama anayeomba atetewe. Sindano alikuwa anafunga kichupa cha wino. Taratibu akatoka, akaacha mlango wazi.

Mama akanyoosha tena mkono. "Haya, malizia."

"Siwezi, mama. Leo nitakuharibia."

"Basi tukae."

Wakakaa. Bosi aliporudi akawakuta hivyo, akaenda kuweka maji ya chai.

Siku mbili baadaye namba ngeni ilimpigia Sindano.

"Dada, wewe ndiye fundi wa tatuu?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Mimi ndiye niliyekuwa niolewe. Niliwahi kuona ujumbe wako kwenye simu yake. Akaniambia wewe ni mteja wao wa bima, unamsumbua na madai."

"Mimi aliniambia mama yake hanipendi."

Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu.

"Yaani tumedanganywa hata bila kufanyiwa bidii," yule binti akasema. "Nimevunja, dada. Nilitaka ujue sikujua."

"Nimejua. Pole."

"Pole na wewe."

Taratibu naye alituma jumbe asubuhi na jioni. Zisipojibiwa alituma ndefu zaidi. Mwisho akaja mwenyewe, akakaa kwenye benchi kati ya wateja, akasubiri zamu yake kama mtu mwingine. Zamu ilipofika akafungua vifungo vya shati.

"Nataka jina lako. Hapa kifuani."

"La nini?"

"Watu wajue sikuonei aibu."

"Kifuani si kuna shati?"

Akashusha mikono. Machozi yalimjaa, na Sindano alijua ni ya kweli. Hilo ndilo lililomchosha zaidi, kwamba yalikuwa ya kweli na hayakuwa na kazi.

"Nisamehe, mpenzi. Tuanze upya. Hata kesho nakupeleka nyumbani, mama anakupenda."

"Mama nimeshamjua, hukunipeleka wewe. Nimekusamehe, sina nguvu ya kubeba kinyongo. Ila kurudi sirudi."

"Jipe hata muda ufikirie."

"Muda ulikuwa nao wewe wote. Funga vifungo, kuna mtu anasubiri kiti."

Akafunga vifungo, akakosea kimoja, shati likakaa upande. Zamani Sindano angemrekebisha. Safari hii alimtazama tu akishuka ngazi.

Mama alirudi mkono ulipotulia. Harusi haikuwepo tena, lakini alikuja amevaa gauni lilelile, mikono mifupi. Maua mawili ya mwisho yalichukua mchana wote. Yalipoisha akasimama mbele ya kioo, akaugeuza mkono huku na huku, akalipapasa jani moja kama anayetafuta mdudu.

"Limeshika," akasema.

"Limeshika, mama."

"Nilitamani uwe mkwe wangu. Lakini kukutakia mema ni pamoja na kutokutakia mwanangu awe mumeo, kwa sasa." Akauchukua mkoba wake. "Nyumbani kwangu utakuja lakini. Siku za katikati ya wiki, yeye yuko kazini."

"Nitakuja."

Akashuka. Kutoka dirishani Sindano alimsikia muuza betri akimwuliza, mama, hayo maua vipi? Na mama akasimama palepale juani, mkono nje, akaanza kumweleza tangu mwanzo, sufuria na yote, bila haraka.

Sindano akavua glavu. Akajilaza kwenye kiti cha wateja, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, apumzishe mgongo kidogo. Usingizi ukamchukua papo hapo, mdomo wazi.

Yule bwana wa simba alipofika kufuata manyoya yake, Bosi alimzuia mlangoni.

"Leo hapana," akamwambia kwa kunong'ona. "Fundi amelala. Rudi kesho."