Shali ya Lidia Kwenye Theluji

Binamu yangu Arseny alikuwa mchoraji, na mimi ndiye niliyemtengenezea fremu. Picha zake ungezijua hata kwa mbali: theluji iliyopakwa nene kwa kisu, nyumba za mbao, kunguru, na kwenye njia ya mtoni, mwanamke wa shali nyekundu aliyetupa kisogo. Wanunuzi wa Moscow walimpenda sana mwanamke yule. Sisi wa nyumbani tulijua ni dada yake, Lidia, aliyezama Mto Sukhona mwezi wa Machi, akivuka kwa miguu juu ya barafu iliyoanza kulainika.

"Nilimkataza," Arseny alisema siku zote. "Hakusikia."

Asubuhi moja nilikwenda kuchukua picha za maonyesho. Nikamkuta anakwangua rangi kwenye turubai ya picha.

"Vipi, umemchoka?" nikamtania.

"Leo sikumchora," akanong'ona. "Nimechora njia tupu. Nikaenda kuchemsha chai, narudi, yupo."

Nikacheka. Kisha nikatazama picha zilizoegemezwa ukutani, zile nilizozitia fremu kwa mikono yangu mwenyewe. Shavu la yule mwanamke lilikuwa limeanza kuonekana. Kwenye kila moja.

Akakwangua tena. Rangi ikatoka, chini yake nyingine, nyekundu, mbichi. Akakazana. Turubai ikatoboka. Tunduni yakachuruzika maji. Yalinuka mto.

Arseny akakaa sakafuni.

"Mimi ndiye niliyemtuma," akasema. "Rangi zangu nilizisahau ng'ambo ya mto. Aliniuliza barafu ikoje, nikamwambia imara. Na asubuhi ile nilikuwa nimeisikia ikipasuka."

Nikamwinua. "Kamwambie mama yako."

"Nitaanzaje?"

"Hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

Tukaenda pamoja. Shangazi Evdokia, ambaye macho yake hayaoni tena, alikuwa mezani karibu na jiko la kuni. Arseny akapiga magoti, akamweleza yote huku analia. Mama yake akampapasa kichwa, taratibu, kama mtoto mwenye homa.

"Najua, mwanangu. Huniambia kila akija."

"Nani?"

"Punguza sauti. Ndiyo kwanza ametoka."

Arseny akanitazama. Midomo yake ilikuwa myeupe.

Mezani palikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa mbele ya Shangazi, kinafuka mvuke. Nikashika cha pili. Jiko lilikuwa likiwaka hadi jasho linatutiririka, lakini chai ile ilikuwa imeganda barafu, na ukingoni palikuwa na alama ya mdomo.