Mafuta Mgongoni mwa Banjo

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mashamba ya miti-chai, Nerida alipiga deki nyumba nzima. Kazi hiyo alipewa na bibi yake, Nonna Pia, na Nonna Pia hakuwa mtu wa kudanganywa kwa ndoo ya maji baridi. Maji yalikuwa ya moto, yenye siki kidogo na matone machache ya mafuta yaliyokamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye majani ya miti ile. Harufu yake ilikuwa kali kama kafuri. Kuhusu chai, hakuna aliyewahi kunywa chai ya majani hayo; lilikuwa jina tu.

Kijiji chao, Myall Bend, kaskazini mwa jimbo la New South Wales, kiliishi kwa mafuta hayo. Wazazi wa Nerida wote wawili walifanya kazi katika kiwanda cha kuyakamua, wakirudi kila jioni nguo na nywele zikinuka. Nyumba ilinuka, gari lilinuka, na rafiki yake Tegan aliapa kwamba hata mkate wa Nonna Pia ulikuwa na ladha ya dawa.

Mvua za miezi ya joto zilipoacha ukungu mweusi kwenye kuta za bafu, Nonna alitia mafuta na maji kwenye chupa ya kupulizia na kuusugua ukungu. Baba alipopata fangasi kati ya vidole vya miguu, alipakwa. Taulo zilizovunda zilifuliwa kwa mafuta hayohayo. Lakini Nonna alikuwa na sheria zake, na alizirudia kila alipoifungua chupa.

"Usiyapake matupu. Tone moja kwa kijiko cha mafuta ya kula, ndipo upake. Na usiyaonje kabisa. Sakafu na kuta, fanya mwenyewe. Kitu chenye roho, niulize kwanza."

"Nimekusikia, Nonna."

"Kusikia najua umesikia. Masikio unayo."

Nerida alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa mwepesi wa kujifunza. Tegan alipotokwa na chunusi kidevuni, Nerida alimchanganyia dawa mbele ya Nonna, na baada ya wiki mbili chunusi zikanywea. Tangu siku hiyo Tegan alimwita Daktari. Nerida alijifanya hapendi jina hilo.

Likizo ya Septemba ilipofika, Mzee Des wa nyumba ya jirani alipaswa kwenda Lismore kutolewa mtoto wa jicho. Mzee Des alikuwa mjane. Maisha yake yote aliendesha mashine ya kuvunia miwa, mpaka macho yalipoanza kumletea ukungu. Baada ya upasuaji angekaa siku chache kwa dada yake, na dada yake hakutaka mbwa. Basi alikuja kwa akina Nerida akiwa amemshika Banjo, mbwa mdogo mzee wa rangi ya kahawia, mwenye miguu mifupi na sikio moja lililochanika.

"Anakula asubuhi na jioni, muda uliobaki analala," alisema Mzee Des. "Ni kama mimi, ila yeye hakoromi."

"Nitamtunza, Mzee Des."

"Najua. Ningekuwa na wasiwasi ningemwachia nani mwingine? Baba yako? Yule anaweza kukausha hata ua la plastiki."

Baba alicheka kutoka jikoni. Mzee Des aliinama kwa shida, akamshika Banjo kichwa kwa mikono miwili, kisha akaondoka bila kugeuka nyuma.

Jumapili mchana Tegan alikuja. Walikaa kwenye ngazi za veranda, na Banjo akalala chini yao akijikuna. Alijikuna ubavu, akajikuna shingo, akasimama, akajiuma mkia.

"Mh! Huyu mbwa amebeba kijiji kizima," Tegan alisema.

"Kijiji gani?"

"Cha viroboto. Ona yule anavyoruka! Jamani!" Tegan aliinua miguu yake juu. "Daktari mzima, na mgonjwa wako yuko hivi? Mimi nakwenda. Ukishamtibu niite."

Alikuwa anatania, lakini alienda kweli. Nerida alibaki akimtazama Banjo. Aliingia ndani. Nonna Pia alikuwa amejinyoosha kitandani baada ya chakula, macho ameyafumba. Nerida alisimama mlangoni kidogo. Alijua Nonna angesema angojee mpaka wapate dawa ya viroboto dukani, na duka la dawa za mifugo halikufunguliwa Jumapili. Hakumwamsha.

Mwanzoni aliyazimua mafuta, kama alivyofanya kwa sakafu. Alidondosha matone kwenye bakuli la maji, akampangusa Banjo kwa kitambaa. Kiroboto mmoja alipita juu ya kitambaa kile kama anayetembea sokoni. Nerida aliliweka bakuli kando, akafungua chupa, akamimina mafuta matupu kuanzia shingoni hadi mkiani, kisha akayasugua yakaingia mpaka kwenye ngozi. Banjo alipiga chafya, akageuka akaanza kujilamba mgongo. Viroboto walianza kudondoka. Nerida aliwahesabu mpaka akachoka, akaridhika na kazi yake. Chupa iliyokuwa imejaa ilibaki nusu. Aliirudisha kabatini, nyuma ya siki.

Jioni Banjo hakumaliza chakula. Nonna Pia alisema amemkumbuka bwana wake.

Asubuhi ya Jumatatu, wazazi walipokwisha kwenda kazini, Nerida alimwita Banjo, na Banjo akaja akiyumba kama mlevi. Miguu ya nyuma ilikwenda upande. Alitetemeka mwili mzima, na mate yalimtoka. Alipofika katikati ya jikoni, miguu ikakatika, akakaa chini.

Nonna Pia aliacha kikombe chake. "Kupe," alisema. "Huu ndio msimu wao. Ameumwa na kupe." Alipiga magoti akapitisha vidole kwenye manyoya. "Hukumpa kitu chochote?"

"Hapana, Nonna."

Neno lilitoka upesi, na lilipokwisha kutoka Nerida akalishikilia. Huenda ni kupe kweli, alijiambia. Kila mwaka kupe waliwalegeza mbwa wa kijiji kile, miguu ya nyuma ikianza, hivi hivi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Nerida aliomba kupe apatikane.

Walimfunga Banjo kwenye taulo, Nonna akaendesha gari hadi mji wa jirani, kwa daktari wa wanyama. Daktari Harpreet alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa mikono, asiyezungumza akiwa kazini. Alimpima Banjo joto. Mwili ulikuwa umepoa kuliko inavyotakiwa. Alisikiliza moyo. Kisha alimchana kwa kitana chembamba kuanzia puani, ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Hakukuwa na kupe.

"Kupe anaweza kuwa ameshaanguka, sumu yake ikabaki," alisema hatimaye. "Hapo tatizo huwa kubwa. Sumu hupanda kutoka miguuni mpaka kifuani, na mnyama hushindwa kupumua. Nina dawa yake. Lakini ni dawa nzito, na huyu ni mzee. Wengine inawashinda. Sipendi kumchoma bila kuwa na hakika." Alimgeukia Nonna. "Hakula sumu ya panya? Hamkumpaka dawa yoyote?"

"Hapana," alisema Nonna Pia. "Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa naye muda wote. Kungekuwa na kitu angeniambia. Huyu hajawahi kunificha jambo."

Daktari alitikisa kichwa kukubali, akaenda kwenye kabati, akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Banjo alilala juu ya meza ya chuma. Alimtazama Nerida, kwa kuwa kati ya wote mle ndani ndiye aliyemfahamu zaidi, akajaribu kutingisha mkia. Mkia haukufika mbali.

"Daktari, subiri," Nerida alisema.

Daktari alisubiri.

"Nilimpaka mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya miti-chai. Matupu. Mgongo mzima. Alikuwa na viroboto." Sauti yake ilikuwa ndogo sana hata Nonna akainama kumsikia. "Halafu alijilamba."

"Lini?"

"Jana mchana."

"Kiasi gani?"

"Nusu chupa."

Daktari Harpreet aliiweka sindano chini. Aliinama akanusa manyoya ya mgongoni, akafumba macho kidogo. "Kila mnyama anayetoka Myall Bend ananuka hivi," alisema. "Na kila mtu. Ndiyo maana sikushtuka." Hapohapo alikuwa amekwisha kufungua bomba la maji. "Si kupe. Njoo hapa, umshike kichwa. Unaweza kumshika?"

"Naweza."

Walimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, inayokata mafuta. Walimsuuza, wakamwosha tena, na tena, mpaka harufu ikapungua. Nerida alimshika kichwa wakati wote. Baadaye daktari alimtundikia dripu, akamviringisha kwenye mablanketi yenye joto, akamvisha kola pana ya plastiki asiweze kujilamba.

"Atapona?" Nerida aliuliza.

"Sijui bado. Yaliyokwisha kuingia mwilini hayana dawa ya kuyafuta. Mwili wenyewe utayatoa, sisi tunausaidia tu." Daktari alijifuta mikono. "Ungesema jana, tungeanza jana. Lakini ungenyamaza dakika moja zaidi, ningemchoma dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Nadhani moyo wake usingeistahimili."

Walimwacha Banjo kwa daktari, na Nonna Pia akaendesha mpaka walipovuka daraja.

"Nimekudhamini kwa mdomo wangu," alisema, macho yakiwa barabarani. "Mbele ya daktari. Nimesema hujawahi kunificha."

Nerida alianza kulia.

"Lia, haina neno. Mafuta yalikuwa kosa la mtoto mwenye haraka. Hilo nimekwisha kulisamehe. Lakini asubuhi nilikuuliza, ukanijibu hapana, na mbwa yuko chini anatetemeka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na safari hii maradhi hayakuwa hata yako."

Walipofika nyumbani, Nonna alimpa simu. Hakumwambia aseme nini.

Nerida alimpigia Mzee Des, naye akasikiliza mpaka mwisho. 

"Yuko hai?" aliuliza mzee.

"Yuko hai. Hawezi kusimama."

"Basi." Alikata simu bila mzaha wowote, na hilo lilimuuma Nerida kuliko kama angefokewa.

Siku zilizofuata Nonna alimpeleka Nerida kwa daktari kila mchana, na msichana akakaa sakafuni kando ya kizimba cha Banjo. Jumanne Banjo alikuwa hivyohivyo. Tegan aliposikia, alikuja akakaa naye, na hakumwita Daktari. Jumatano Banjo alisimama, akaanguka, akasimama tena. Alhamisi alikula bakuli zima la kuku na wali, akamlilia Nerida amwongezee. Daktari Harpreet aliwapa dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na jioni hiyo Banjo alirudi Myall Bend.

Mzee Des alirudi mwisho wa juma akiwa na kikingio cha plastiki juu ya jicho. Banjo alimkimbilia, akikosea hatua moja moja. Mzee alikaa kwenye ngazi, akamkagua masikio, miguu na mgongo, ambao ngozi yake ilikuwa bado nyekundu. Alichukua muda. Nerida alisimama mbele yake, akaeleza yote upya: viroboto, chupa, na neno alilomjibu Nonna jikoni.

"Nilikasirika," alisema Mzee Des. "Siku ile ningekuwa karibu, ningepiga kelele zikasikika mpaka pwani."

"Samahani, Mzee Des."

"Najua. Mimi nina jicho moja tu leo, lakini naona."

Nonna Pia alitoka na chai, akaketi kwenye kiti chake. "Watu hudhani kitu kikitoka kwenye jani hakina makali," alisema. "Pilipili nayo ni tunda. Mafuta haya nimeyatumia maisha yangu yote, na nitayatumia kesho, na wewe utaendelea kuyatumia, Nerida. Yanatuondolea koga, yanatuponya ngozi. Lakini kila kitu kina kipimo chake na mahali pake. Kinachofaa sakafu hakifai mgongo wa mbwa. Usipojua, uliza. Hata nikiwa nimelala, niamshe."

"Nitakuamsha."

"Na ukikosea, nitafute upesi kuliko ukifaulu."

Mzee Des alikunywa chai, akatema tone, akasema ina ladha ya dawa. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mwezi ujao wananifanyia jicho la pili," alisema. "Banjo atakaa hapa."

Nerida alidhani hakusikia vizuri. "Hapa? Na mimi?"

"Na wewe. Mtu asiyekosea mimi simjui. Kama yupo, haishi Myall Bend. Wanaokosea wakanyamaza nimewaona wengi, na nimewahi kuvuna miwa nao. Wewe ulinyamaza, kisha ukasema wakati kulikuwa bado na mbwa wa kuokoa. Ndiyo maana leo ananilamba mkono." Alimsukuma Banjo taratibu upande wa msichana. "Ila safari nyingine usiningojeshe mpaka kesho yake."

"Sitakungojesha," alisema Nerida, akakaa chini karibu na mbwa.