Jamvi Lisilo na Salamu

Chekeche lilikuwa kazini tangu alfajiri. Kwenye ghorofa ya juu kabisa ya jengo la Jamvi, jijini Mbeya, akili mnemba hiyo ilipokea yote yaliyoandikwa na wasomaji kuhusu vitabu, kutoka Mtwara hadi kituo cha Mwezini. Iliyapepeta, ikabakiza machache yenye uzito, kisha ikayafikisha kwa mtu aliyeyahitaji. Wiki hiyo kitabu kimoja cha ufugaji wa nyuki, kilichokuwa kimelala miaka mingi bila kuguswa, kilipata wasomaji maelfu. Mmoja wao alikuwa fundi wa Mwezini ambaye hakuwa ameona nyuki tangu utotoni.

Aliyelibuni Chekeche alikuwa mhandisi Atuganile, na alijivunia kazi yake bila kificho. Jamvi ulikuwa mtandao wa wapenda vitabu. Kila kitabu kilikuwa na jamvi lake, na wasomaji wake waliketi humo kujadiliana. Lakini kabla ya Chekeche, ukitaka kujua kama riwaya fulani inafaa, ulilazimika kwanza kupita katika msitu wa salamu. "Hamjambo wanajamvi." "Nawasalimu wote, wa milimani na wa mabondeni." "Mimi nimeamka salama, sijui ninyi." Debe tupu haliachi kuvuma, alisema Atuganile, akaliamuru Chekeche hivi: lisilohusu kitabu ni pumba, na pumba zisimfikie mtu yeyote.

Majadiliano yakanoga. Wakubwa wake wakaanza kuzungumzia tuzo.

Jumatano roboti wa mapokezi alimpandisha mzee mmoja mwenye koti zito na uso uliokunjamana kwa hasira.

"Shikamoo, mzee," alisema Atuganile.

"Marahaba. Afadhali wewe unasalimia." Alikaa kabla hajakaribishwa. "Mimi ni Lusekelo, mwalimu mstaafu. Jamvini naitwa Mpelelezi wa Mwanjelwa. Namtafuta Mama Chai wa Katumba."

"Ni ndugu yako?"

"Sijawahi kumwona. Tunasoma naye."

Akaeleza. Walikuwa wachache, wakisoma riwaya moja ya upelelezi, sura moja kila wiki, na walikuwa na utaratibu wao. Sura mpya haikufunguliwa mpaka kila mmoja asalimie na wenzake wamwitikie. Hivyo ndivyo walivyojua nani anaumwa, nani amefiwa, nani amepata mjukuu. Ghafla salamu zikakatika. Kila mmoja alidhani wenzake wameuacha utaratibu, akaona ya nini kubaki nyuma, akaendelea kusoma kivyake.

"Sasa kitabu tumekimaliza," alisema Mzee Lusekelo. "Muuaji kumbe ni daktari wa meno, mtu mpole, sikutegemea kabisa. Watu wanabishana jamvini hadi raha. Lakini Mama Chai hasikiki. Anaishi peke yake, mwanangu. Kama ameanguka huko, nani atajua?"

Atuganile aliligeukia Chekeche. "Mama Chai wa Katumba ameandika nini tangu uanze kazi?"

"Aliandika kila asubuhi," lilijibu Chekeche kwa sauti yake tulivu. "Yote ni pumba."

"Soma."

"'Hamjambo wanajamvi, nimemaliza sura ya tisa, nawasubiri.' 'Hamjambo, jana hamkuitikia, labda ni hii mvua.' 'Hamjambo. Kama nimewaudhi, niambieni.' Mchango katika mjadala: sifuri."

"Na baada ya hapo?"

"Hakuna. Hilo la mwisho ni la Jumapili."

Mzee Lusekelo alivua kofia yake, akaishika mapajani. Atuganile aliona aibu, ile ya kumfanya mtu ashindwe kumtazama mgeni wake. Akaamuru mtandao umpigie mama yule. Simu iliita mpaka wote wawili wakakata tamaa. Kisha kioo cha ukutani kikaonyesha bibi mwembamba aliyejifunika shuka mabegani.

"Shikamoo, mama," alisema Atuganile.

"Marahaba," alisema bibi. "Kumbe huko bado watu wanasalimiana."

Atuganile alijitambulisha, akaeleza habari ya mashine na pumba, na kwamba kosa lilikuwa lake mwenyewe. Mama Chai alimsikiliza hadi mwisho.

"Hayo ya mashine siyajui, mwanangu. Mimi nilidhani wamenichoka. Siku ile nililia, sikufichi, na jamvini sijarudi tena." Akajifuta pua kwa pindo la shuka. "Haya, wenzangu wamefika wapi? Mimi ya kumi sijaifungua. Nitaifunguaje peke yangu?"

Atuganile aliushika ubao wa amri, akaanza kuifuta kanuni ya pumba. Alijua msitu ungerudi, na kitabu cha nyuki kingezama tena chini ya hamjambo za watu, na tuzo nayo ingekwenda kwa mwingine. Aliendelea kufuta.

Mzee Lusekelo alikuwa amesimama mbele ya kioo.

"Hujambo, Mama Chai. Ni mimi, Mpelelezi wa Mwanjelwa."

"Ee! Kumbe ndiyo sura yako! Sijambo, ndugu yangu. Mko wapi?"

"Tuko hapo hapo, ya tisa. Tunakusubiri wewe. Na huyu muuaji anatusumbua kwelikweli."

"Mimi namshuku daktari wa meno."

"Daktari wa meno?" alisema Mzee Lusekelo. "Ah, hapana, dada yangu. Yule mpole vile?"